Kupona si Kufunga Kidonda

Tiba ya kazi, hotuba za kumbukumbu, na yale yanayoihusu wilaya ya Kilosa

Ndugu msomaji, hebu jiulize: mtu huhesabiwa amepona siku gani? Daktari atakujibu kwamba ni siku mfupa unapounga, nyuzi zinapotolewa na homa inaposhuka. Karani wa hospitali atakuambia ni siku mgonjwa anapopewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Lakini mke wa mgonjwa anayo hesabu yake. Yeye atasema mumewe amepona siku atakapofunga mwenyewe vifungo vya shati lake, akala uji bila kuumwaga, akatoka asubuhi kwenda kutafuta riziki. Baina ya hesabu ya daktari na hesabu ya mke liko pengo, na katika pengo hilo wamekwama ndugu zetu wengi.

Ipo fani ya utabibu iliyozaliwa kwa ajili ya kuliziba pengo hilo. Hapa nchini huitwa tiba ya kazi, na wengine huiita tiba kwa vitendo. Wengi wetu hatujapata kuisikia, wala hatujui kwamba katika nchi kadhaa fani hiyo huwakumbuka waasisi wake kwa desturi ya pekee: kila mwaka mtaalamu mmoja husimama mbele ya wenzake na kutoa hotuba kwa jina la marehemu. Makala haya yanaieleza desturi hiyo pamoja na tiba yenyewe. Yanaeleza pia kwa nini habari hii yawahusu watu wa Kilosa, waishio kando ya reli, na watu wa Mikumi, waishio kando ya barabara kuu.

WILAYA YA MIKONO NA MIGONGO

Mji wa Kilosa uko kando ya mto Mkondoa, chini ya milima, na ulikua kwa sababu ya Reli ya Kati. Tangu mwaka 1964 jina la Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, limejulikana duniani kwa hifadhi yake ya wanyama. Kutoka Kilosa lilijengwa tawi la reli lipitalo Mikumi hadi Kidatu, ambako reli hiyo yenye upana wa mita moja hukutana na ile ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Shehena hapana budi ihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hata Zambia huikata hifadhi ya Mikumi, na dereva wa lori hugawana njia na tembo, nyati na twiga. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo hupita Kilosa.

Ongeza hapo mkonge wa Kimamba na Rudewa, uliolimwa tangu enzi za ukoloni, na miwa ya bonde la Ruembe. Utaona mara moja kwamba hii ni wilaya inayoishi kwa mikono na migongo ya watu. Mkata mkonge huinama siku nzima kati ya majani yenye miiba. Mlisha korona husogeza mikono yake karibu na meno ya mashine. Mkata miwa hushika panga lenye makali tangu alfajiri. Utingo hupanda na kushuka juu ya shehena, na kijana wa bodaboda huenda mbio baina ya malori. Mama naye hupika akiwa ameinama juu ya mafiga, amebeba mtoto mgongoni.

Tuchukue mfano wa utingo mmoja, ambaye hatumpi jina kwa kuwa ni wengi. Lori lao limepinduka usiku. Mkono wake wa kulia umevunjika na mishipa ya fahamu imeumia. Waganga wanapambana na kuyaokoa maisha yake, nasi twawashukuru. Baada ya miezi mitatu anarudi kwao. Mkono upo, lakini umelala. Watu wa nyumbani kwa upendo mkubwa wanamvalisha, wanamlisha, wanamwogesha, wanamtandikia mkeka chini ya mwembe. Majirani wapitao humpa pole. Mwaka unakwisha, na sasa haukulala mkono peke yake. Moyo nao umelala. Hakuna aliyemkosea. Ila hakuna aliyemwuliza: ndugu, ungependa kufanya nini tena kwa mkono huu, na tuanzie wapi?

MAUA YA KARATASI NA NYUMBA YA FARAJA

Waasisi wa tiba ya kazi walianza na swali hilo hilo. George Barton wa Marekani alikuwa msanifu wa majengo. Aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudisha mwenyewe kwa kazi za bustani na useremala, na mwaka 1914 akafungua nyumba katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, akaiita Nyumba ya Faraja. Humo, mwezi Machi 1917, walikutana watu 6 na kuunda chama cha kwanza cha tiba hii nchini humo. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja, Eleanor Clarke Slagle, aliyefanya kazi na wagonjwa wa akili.

Bibi Slagle aliona kwamba mgonjwa aliyekaa wodini miaka mingi hupoteza zaidi ya akili yake. Hupoteza siku yake. Hajui tena saa ya kuamka, ya kunawa, ya kufanya kazi, ya kucheza wala ya kupumzika. Basi alimjengea ratiba, jambo moja baada ya jingine, mpaka mazoea yakarudi. Kwake yeye siku iliyopangwa vema ilikuwa dawa.

Huko Uingereza jina kubwa ni la Dakta Elizabeth Casson, aliyezaliwa mwaka 1881. Kabla ya kusomea utabibu alisimamia nyumba za kupanga za watu maskini jijini London. Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bristol. Alipoanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, alisikitishwa na uvivu wa kulazimishwa: wagonjwa waliketi tu kutwa kucha, macho makavu. Asubuhi moja aliingia wodi ya wanawake akakuta hali imebadilika. Krismasi ilikuwa inakaribia. Wauguzi walikuwa wameleta karatasi za rangi na matawi makavu, na wagonjwa walikuwa wamekaa vikundi vikundi wakitengeneza maua kwa furaha. Hakuna dawa mpya iliyokuwa imeletwa. Kilicholetwa ni kazi yenye maana. Mwaka 1930 Dakta Casson alifungua chuo cha kwanza cha fani hiyo nchini Uingereza, kikiitwa Dorset House. Alifariki mwaka 1954.

KUMKUMBUKA MTU KWA SWALI

Wanadamu wote huwakumbuka wafu wao. Sisi tuna hitima, arobaini na misa za kumbukumbu. Wengine husimamisha sanamu. Watu wa tiba ya kazi walichagua hotuba.

Huko Marekani hotuba ya heshima kwa jina la Slagle iliwekwa mwaka 1953, na ya kwanza ikatolewa mwaka 1955. Uingereza ina Hotuba ya Kumbukumbu ya Casson tangu mwaka 1973. Barani mwetu, Afrika ya Kusini inayo hotuba ya kumbukumbu ya Vona du Toit, bibi aliyefariki mwaka 1974 baada ya kufundisha kwamba uwezo wa mtu wa kutenda hukua hatua kwa hatua, na kwamba mganga sharti aijue hatua aliyopo mgonjwa kabla ya kumpa kazi. Anayeteuliwa kuhutubu huchaguliwa kwa sababu ya kazi yake, hupewa muda wa kutosha kutayarisha mawazo, na hotuba yake huchapishwa ili isomwe na wale ambao hawakuwapo.

Msomaji aweza kudhani kwamba hotuba hizo ni sifa tupu kwa marehemu. La hasha. Zile zinazokumbukwa ni zile zilizowasumbua wasikilizaji. Mwaka 1961 Mary Reilly alisimama katika jukwaa la Slagle akawauliza wenzake kama fani yao ina thamani yoyote ya kweli kwa binadamu. Aliona wanaanza kuiga madaktari, wakipima kiungo kimoja kimoja na kumsahau mtu mzima. Kisha akatetea wazo ambalo hadi leo hurudiwa vyuoni: kwamba mtu akiitumia mikono yake kwa kuongozwa na akili na nia yake, ana uwezo wa kuigeuza afya yake mwenyewe. Marehemu Slagle hakutajwa kwa kusifiwa. Alitajwa kwa kuulizwa tena swali lake. Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu ya namna hii. Sanamu hunyamaza, lakini hotuba ya kila mwaka huwalazimisha walio hai watoe hesabu.

MTAALAMU HUFANYA NINI?

Watu wengi huichanganya tiba hii na tiba ya viungo. Ni ndugu wawili, lakini kila mmoja ana swali lake. Mtaalamu wa viungo huuliza: je, goti hili linakunjika? Mtaalamu wa tiba ya kazi huuliza: je, utaweza kuchuchumaa chooni kwenu, kuchota maji, kupanda daladala? Ndiyo maana kazi yake haiishii wodini. Hupenda kujua jiko lako lilivyo, mlango wa choo una upana gani, na wewe unaishi kwa kazi ipi.

Tuseme baba amepata kiharusi na upande mmoja umelegea. Mtaalamu atamfundisha kuvaa shati kwa kuanza na mkono ulio dhaifu, na kulivua kwa kuanza na mkono wenye nguvu. Ni jambo dogo, lakini kwa siku kadhaa za mazoezi baba huyo ataacha kuvalishwa na watoto wake. Chini ya sahani yake kitawekwa kitambaa kilicholowa ili isiteleze. Mpini wa kijiko utanenepeshwa kwa vitambaa au kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ili vidole visivyokaza viweze kuushika. Mama mwenye mkono mmoja atatengenezewa ubao wa kukatia wenye misumari miwili iliyochomoza. Kitunguu au kiazi kitachomekwa hapo, naye atamenya bila kusaidiwa.

Aliyewahi kuugua ukoma na kupoteza hisia za vidole hufundishwa kutumia macho yake pale ambapo ngozi haimwambii tena kwamba sufuria ni ya moto, na vyombo vyake huwekwa mipini ya mbao. Mkono uliojikunja huwekewa banzi ili usikakamae vibaya. Mtoto mwenye utindio wa ubongo, ambaye hukaa amelazwa chali siku nzima akitazama dari, hutengenezewa kiti kinachomshikilia. Kiti hicho chaweza kuwa cha mbao, na mahali pengine hutengenezwa kwa makaratasi magumu yaliyogandishwa kwa uji wa unga mpaka yakawa kama ubao. Mtoto akikaa wima huona watu, hutumia mikono, na hulishwa bila kupaliwa kwa urahisi. Hapo mama hugundua kwamba mwanawe anamwelewa kuliko alivyodhani.

Kwa utingo wetu aliye chini ya mwembe, tiba ingeanza mapema, pengine angali wodini. Angefundishwa kuulinda mkono usiokuwa na hisia, kuufanyia mazoezi kwa kazi nyepesi, na kuuzoeza mkono wa kushoto. Baadaye angepimwa kwa kazi halisi: je, aweza kurudi kwenye lori? Kama hawezi, je, aweza kuhesabu shehena, kutunza ghala, kushona viatu, kuendesha duka? Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tiba ya kazi ni fani inayomwonyesha mhunzi koleo jingine.

KWETU SI JAMBO GENI

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Katika milima ya Usambara, huko Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili ilianzishwa na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi za shamba, chai na mikono zimekuwa sehemu ya maisha ya wagonjwa wake. Baada ya Uhuru, nchi yetu ilijaribu vijiji vya utengamao, ambamo waliougua akili waliishi na kulima kabla ya kurudi makwao. Kimojawapo ni Vikuruti, nje ya jiji la Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980, mkoa wa Morogoro, ambao Kilosa imo ndani yake, ulikuwa pamoja na Kilimanjaro miongoni mwa mikoa ya majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark. Nia ilikuwa kuiondoa huduma hiyo katika hospitali kubwa za mbali na kuifikisha wilayani na katika zahanati.

Hata hivyo, historia hiyo inatuonya. Kazi ni tiba pale tu inapomfaa mgonjwa mwenyewe, inapolingana na hatua aliyofikia, na anapoikubali. Mgonjwa akilimishwa shamba ili taasisi ipate mavuno, hapo pana utumishi wa bure, na kuuita tiba ni kulipaka tope jina jema.

Kuhusu mafunzo, chuo cha tiba ya kazi kipo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, na kwa miaka mingi wataalamu wetu wametoka huko. Jijini Dar es Salaam, CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994, imejulikana kwa huduma za utengamao kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu. Ulimwenguni, vyama 10 vya nchi mbalimbali viliunda shirikisho lao mwaka 1952, na tangu mwaka 2010 tarehe 27 Oktoba huadhimishwa kuwa siku ya tiba ya kazi duniani.

HAKI AMBAYO MFANYAKAZI AIJUE

Wafanyakazi, neno hili ni lenu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouzaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Wengi wanajua kwamba aliyeumia kazini hulipiwa matibabu na hupata fidia ya fedha. Wachache wanajua kwamba miongoni mwa mafao yake yamo ya utengamao, yaani msaada wa kumrudisha aliyeumia katika hali ya kujitegemea na, inapowezekana, katika kazi. Basi ajali itokeapo kiwandani, shambani au barabarani ukiwa kazini, taarifa itolewe bila kuchelewa, karatasi za hospitali zitunzwe, na swali liulizwe waziwazi: utengamao wangu utakuwaje? Fedha ya fidia huliwa ikaisha. Mkono uliofundishwa upya hulisha watoto miaka mingi.

Kadhalika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupata huduma za afya na utengamao, elimu na kazi. Mkulima na kijana wa bodaboda asiye na mwajiri hawana mlango wa Mfuko huo kama alivyo nao mtu wa kiwandani, na kwao sheria hii ya pili ndiyo ya kushika.

HOTUBA YA KILOSA

Sasa turudi kwenye desturi ya hotuba. Watanzania si wageni nayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwaka 2008 Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, na mihadhara yake imewakusanya watu wengi. Kwa nini basi pasiwe na hotuba ndogo ya kila mwaka wilayani, juu ya namna watu walioumia wanavyorudi kazini?

Vifaa vyake vimekwisha kuwapo. Mjini Kilosa kipo chuo cha kuwafundisha matabibu, na ipo hospitali ya wilaya. Mikumi ipo hospitali ya Mtakatifu Kizito, na kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA. Matabibu wana elimu ya mwili. Mafundi wana elimu ya mbao, chuma na mpini. Wakikutanishwa kwa siku moja kila mwaka, mwaka huu Kilosa na mwaka ujao Mikumi, tabibu aeleze mkono ulioumia unahitaji nini, naye fundi aonyeshe jinsi ya kukitengeneza. Jina la kuipa hotuba hiyo walitafute wenyeji wenyewe: pengine muuguzi wa zamani, pengine mzee wa karakana ya reli, pengine mama aliyemlea mwanawe mwenye ulemavu mpaka akajitegemea. Na mhutubu wa kwanza si lazima awe profesa. Aweza kuwa mtu aliyelala chini ya mwembe mwaka mzima, kisha akainuka.

Haihitaji ukumbi mkubwa. Darasa moja, mabenchi na ubao vinatosha. Linalohitajika ni kuuliza swali lile lile kila mwaka na kutoona haya kujibu kwamba bado: mwaka huu wangapi wameruhusiwa kutoka hospitali, na wangapi kati yao wamerudi kazini?

Wakati tunasubiri siku hiyo, yako mambo ambayo kila familia yaweza kuyafanya. Mgonjwa wenu anapopewa ruhusa, msiondoke kabla ya kuuliza ni nani atakayemfundisha shughuli za nyumbani, na wapi pa kumpeleka. Msimfanyie kila kitu; mpeni nafasi ya kufanya polepole lile analoliweza, hata akichukua nusu saa kufunga vifungo vitatu. Mtoto mwenye ulemavu asifichwe chumbani. Atolewe nje, akalishwe, achezewe, apelekwe kliniki. Na anayeugua akili apewe sehemu yake katika siku ya nyumbani: afagie, achambue mchele, alishe kuku, kisha ashukuriwe kama mwingine yeyote.

Mgonjwa anapopewa kazi anayoiweza, anajua kwamba bado anahesabiwa miongoni mwa watu. Pole za majirani zina wema wake, lakini hazimpi hilo.